Sabufa Iliyofungwa Mkanda

Kwa miaka ishirini na tisa Belkheir Mekkioui alikuwa wa mwisho katika kila msafara wa harusi wa ukoo wao. Naiandika idadi hiyo kwa uhakika, kwa sababu ndiyo miaka niliyokaa kwenye meza iliyo kando ya meza yake, katika ofisi ya manispaa ya Relizane inayoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mwanzoni alikuwa wa mwisho kwa kuwa gari lake lilikuwa bovu. Baadaye alinunua Maruti nyeupe, ndogo lakini nzima kabisa, akaendelea kuwa wa mwisho kwa kuwa watu walishamzoea hapo.

Wa mwisho naye ana kazi yake. Ijumaa za kiangazi misafara mitano au sita hukutana kwenye mzunguko mmoja wa barabara, kila mmoja na honi zake na maua yake, na gari likikosea mkia wa kufuata, basi tena. Mwaka aliooa Houari, binamu yake Belkheir, gari lililobeba masanduku ya nguo za bibi harusi lilifuata msafara wa watu wengine hadi Mostaganem, na waliokuwemo wakala kuskusi ya wenyewe na kunywa chai kabla ya kugundua kwamba hawamjui hata mmoja pale. Tangu siku hiyo Belkheir akapewa kazi ya kufunga msafara. Kila wakikaribia njia panda huchomoka mkiani, hupita ukingoni mwa barabara, huukinga mdomo wa barabara ya pili kwa Maruti yake, hutoa mkono dirishani na kuwapungia wenzake wapite, huku akiwahesabu. Wakiisha, hurudi nyuma yao. Hajapoteza gari hata moja.

Ukimwona ofisini, na mikono yake ya shati iliyofungwa vifungo hadi chini hata mwezi wa nane, usingedhani kuwa jambo hilo linamuuma. Mimi mwenyewe nilijua siku Yamina, dada yake wa pekee, alipotangaza harusi ya mwanawe Djilali. Belkheir aliweka kalamu chini.

"Mimi ndiye mjomba wa bwana harusi," aliniambia. "Safari hii nataka kuwa wa pili."

Kuwa wa kwanza hakukutamani, maana gari la kwanza ni la bibi harusi, na Houari alishalikodi: jekundu, lisilo na paa. Houari huuza matairi na ndiye anayepanga misafara, hakuna anayekumbuka nani alimpa cheo hicho.

"Gari la pili ni la muziki, binamu," Houari alimjibu mbele ya watu. "Wewe una muziki gani? Redio yako inajua utabiri wa hali ya hewa tu."

"Nikiwa na muziki je?"

"Ukija na sabufa itakayotikisa madirisha ya ghorofa ya pili, wallahi mimi mwenyewe narudi mkiani nikushikie nafasi yako."

Watu walicheka. Belkheir hakucheka.

"Ya pili, umesema," aliuliza. "Si ya kwanza?"

"Ya pili."

Jumamosi alinichukua tukaenda kwa fundi Lakhdar, ambaye hufunga redio na ving'ora vya magari nyuma ya soko la nafaka. Lakhdar ana sifa mbili: hafanyi kazi bila glasi ya chai mkononi, na hatoboi bodi ya gari la mtu. Aliizunguka Maruti kama anayetafuta mlango wa kuingilia.

"Kwenye buti," alisema.

Belkheir alifungua buti. Ndani mlikuwa na mtungi wa gesi, maana gari linatembea kwa gesi, na pembeni yake dumu la maji la lita ishirini, kama lilivyo katika buti la kila mtu mwenye akili mjini kwetu.

"Toa dumu."

"Hata nikilitoa zinabaki sentimita kumi na nane. Nimepima."

"Chini ya kiti cha nyuma?"

"Si ndipo linapopita bomba la gesi?"

Lakhdar alichungulia, akakubali. "Siweki umeme karibu na bomba la gesi. Nina watoto."

"Mimi pia ninao."

"Basi tuko wawili. Na hicho kiti cha nyuma chenyewe, tukiking'oa?"

"Hicho ni cha shangazi zangu watatu."

"Lazima wawe watatu?"

"Nimpunguze yupi? Njoo uwaambie wewe."

Lakhdar aliingia akaketi kiti cha mbele, upande wa abiria, amalizie chai yake. Alijitikisa kushoto, akajitikisa kulia, akainama kutazama kiti kilivyoshikwa sakafuni.

"Bwana Belkheir, samahani, mkeo ana uzito gani?"

"Unauliza nini wewe?"

"Nauliza hizi bolti nne zimezoea kubeba nini. Sikia. Mke anaweza kukaa nyuma, akabanana na shangazi. Sabufa haiwezi kubanana na mtu. Nafasi ya sabufa ni hapa nilipokaa."

Kazi ilichukua siku tatu. Lakhdar aling'oa kiti, akakiweka nje ya karakana, na kuanzia saa hiyo kikawa kiti cha wateja cha kunywea chai. Mahali pake alijenga sanduku la plaiwudi lenye umbo la kiti: makalio, mgongo, hata pa kuegemeza kichwa, akalivika kitambaa kilekile cha kijivu. Amplifaya aliiweka kwenye makalio na sabufa ya inchi kumi na mbili mgongoni, ikitazama magoti ya shangazi. Lote alilifunga kwa bolti zilezile nne, bila tundu jipya hata moja. Lakini sanduku lilikuwa refu, na kila breki likainama mbele kama linasujudu. Lakhdar akalifunga mkanda wa usalama.

"Na askari wakikusimamisha," alisema, "abiria wako amefuata sheria."

Kheira, mkewe Belkheir, alilitazama gari lilipofika nyumbani, akazunguka hadi upande wake, akafungua mlango, akaufunga.

"Miaka ishirini na sita nakaa hapa," alisema.

"Ni kwa harusi tu, Kheira."

"Kumbe umeoa wa pili kimyakimya. Na anavyojua kufunga mkanda! Mimi kila siku unanigombeza. Anaitwa nani?"

Belkheir alisema ni amplifaya ya wati mia tano. Kheira akasema jina hilo ni la watu wa mjini, yeye hataliweza, akaingia ndani. Kesho yake ofisini hapakuwa na aliyemsalimu bila kumuuliza kama mgeni wake aliamka salama.

Jumanne saa kumi na moja jioni walifanya majaribio nyuma ya karakana. Nilikuwepo. Lakhdar aliweka ngoma za harusi za kwetu, zile zinazopigwa pamoja na filimbi ya tete, akaongeza sauti kidogokidogo. Kioo cha kati cha gari kilijigeuza chenyewe kikatazama dari. Chai katika glasi ya fundi ikafanya mawimbi. Kisha dirisha likafunguliwa juu yetu na mwanamke akatoa kichwa.

"Wee Lakhdar! Vikombe vyangu vinatembea mezani!"

Belkheir alitoka garini akainua uso. "Samahani mama, hapo ulipo ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili! Na mkiongeza nashuka na ufagio!"

"Asante sana, mama," alisema Belkheir, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kushukuriwa kwa moyo mweupe kiasi kile.

Houari ni mtu wa maneno mengi lakini kiapo ni kiapo. Alikuja Jumatano asubuhi, akasikiliza, akaziba masikio, akatamka mbele ya mashahidi watano kwamba Belkheir ndiye wa pili. Siku hiyo nzima Belkheir aliandika vyeti vya vizazi kwa hati nzuri ambayo sijaiona tena.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya harusi, kijana mmoja alisimama mbele ya meza yake kuandikisha kifo cha baba yake, mzee Benaouda, aliyefariki alfajiri kwa maradhi ya uzee.

"Makazi ya marehemu?" aliuliza Belkheir, kwa sababu fomu inataka.

"Unayajua, ami Belkheir. Ni ukuta kwa ukuta na dada yako."

Belkheir alimpa pole kwa maneno yote yanayopasa. Kisha akaandika mtaa na nambari ya nyumba, na kalamu ikabaki imegusa karatasi hadi wino ukatanda.

Kwetu msafara wa harusi ukipita mbele ya nyumba yenye msiba huzima muziki, tena huzima mapema, ili usifike hata mwangwi. Hapa msafara haukuwa wa kupita tu. Ulikuwa unakwenda kusimama mlangoni. Baada ya mazishi Yamina alivaa nguo zake za nyumbani, akaenda kwa mjane kumwambia kwamba ataahirisha harusi.

"Usiahirishe," mjane alimwambia. "Nyama umeshanunua, na binti ameshapakwa hina. Mleteni kwa heri. Ila honi, ngoma na vigelegele, naomba msinipitishie."

"Hata kimoja," alisema Yamina. "Kuanzia tunapompakia hadi anaposhuka."

Ijumaa baada ya swala tulikusanyika uani kwa Yamina. Lile gari jekundu lisilo na paa lilikuwa nje na maua yake, na hata bila kuwashwa lilikuwa linapiga kelele. Yamina alilitazama akashika kichwa.

"Niwapitishie wafiwa kitu hiki? Hapana. Houari, gari lako?"

"Langu, dada, ekzosi nimeibadilisha. Linakohoa hata likisimama."

"Na haya mengine?"

Mengine yalikuwa ya vijana, na kila moja lilikuwa limechongwa liungurume. Yamina alikuwa bado anauliza kama katika ukoo mzima hakuna gari lenye adabu, alipogeuka akaiona Maruti imesimama nyuma yake. Ilikuwa imefika zamani. Hakuna aliyeisikia.

"Kaka," alisema, "bibi harusi utamleta wewe. Utakuwa wa kwanza."

Watu waligeuka. Belkheir alinyoosha kola ya shati.

"Lakini bibi yake anakuja naye, na goti la bibi yake halikunjiki, lazima akae mbele." Yamina akaelekeza kidole kwenye kioo, ambamo abiria wa kijivu alikuwa ameketi wima na mkanda wake. "Huyo ashuke."

Belkheir alienda akasimama kando ya gari, mkono juu ya paa. Alikuwa wa pili kwa siku mbili na nusu bila kutembea hata mita moja. Sasa anapewa wa kwanza, kwa sharti la kuachia kile kilichompa wa pili. Ningemwambia neno, lakini nilimwona anahesabu vidole, nikajua anahesabu bolti.

"Dakika arobaini," alisema.

Lakhdar tulimtoa nyumbani kwake, kitambaa cha chakula bado begani. Alifungua mkanda wa sanduku taratibu kama mtu anayemshusha mgonjwa.

"Siku tatu nimelijenga," alisema. "Halijaimba hata harusi moja."

"Lilimwimbia yule mama wa juu," alisema Belkheir.

"Yule hakufurahi."

Kiti cha zamani kilitolewa mlangoni mwa karakana, kikapanguswa, kikarudishiwa mahali pake, kikinuka nanaa. Ilikuwa dakika thelathini na nane.

Tulikwenda Yellel magari kumi na moja, Maruti mbele. Kule kwao bibi harusi, Ikhlas, alitoka amefunikwa burnusi, joho jeupe la baba yake, akapita chini ya mkono wa baba yake kizingitini, watu wa kwao wakapiga vigelegele vyao, halafu milango ikafungwa na kimya chetu kikaanza. Mimi nilipanda gari la pili. Lilikuwa la Houari, ambaye kwa mapenzi ya Mungu alikuwa amerudi kwenye nafasi yake bila kuvunja kiapo, maana sabufa haikuwepo. Yamina alikuwa kando yake, mimi nyuma.

Belkheir aliendesha kilomita sitini kwa saa, mgongo umenyooka. Tulipita mikahawa iliyojaa watu, tukapita vituo vya mafuta na wauza matikiti. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Mbona hawatutazami?" aliuliza Yamina. "Bibi harusi yuko mbele pale, mzuri kama mwezi."

"Dada, watu hutazama sauti," alisema Houari. "Bila honi sisi ni foleni tu. Wanadhani tunakwenda kulipa bili ya umeme."

"Kaka yangu wa watu. Siku aliyopata kuwa wa kwanza ndiyo siku hakuna wa kumwona."

Tukafika kwenye mzunguko wa kuingilia mjini. Kutoka barabara ya Mostaganem ulikuwa unakuja msafara mwingine, magari yasiyopungua ishirini, ngoma zinapasua hewa, vijana wametoka madirishani hadi kiunoni. Ulikuwa unakuja moja kwa moja kutukata katikati.

Nikaiona Maruti inachomoka kwenye mstari. Ilipita ukingoni, ikajiweka mdomoni mwa barabara ya Mostaganem, mbele ya magari ishirini, ikasimama. Mkono ukatoka dirishani.

"Anafanya nini?" alisema Yamina.

"Anatupungia tupite," alisema Houari, na tayari alikuwa anapita.

"Usipite! Bibi harusi si yumo mle?"

"Mkono umesema pita!"

"Mwambie basi! Piga honi!"

"Honi si umekataza wewe?"

Wakati wanabishana tulikuwa tumeshauacha mzunguko nyuma, na magari mengine tisa yalikuwa yanatufuata kwa utii, moja baada ya jingine, kama yalivyoutii mkono ule kwa miaka yote. Niligeuka. Mkono ulikuwa bado unahesabu.

Yaliyofuata pale alinieleza Ikhlas mwenyewe, mwaka uliofuata, alipokuja kuandikisha mtoto. Gari la mwisho lilipopita, Belkheir alisema kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Kumi. Wametimia." Ndipo bibi yake Ikhlas, aliyekuwa amenyoosha goti lake kwenye kiti cha mbele, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wale wanakwenda wapi bila sisi?" Belkheir alitazama kioo cha kati, akamwona aliyekuwa nyuma. Ikhlas anasema masikio yake yalibadilika rangi, na kwamba alitaka kuondoka mara moja, lakini dereva wa gari la muziki la ule msafara mwingine alikuwa ameshafika dirishani, amekunja mikono ya shati.

"Wee mzee, unafunga barabara kama ya babako?" Kisha akachungulia ndani. "Mashallah! Jamani, kuna bibi harusi humu! Ndani ya Maruti!"

"Samahani, mwanangu," alisema Belkheir. "Nilikuwa nawapitisha watu wangu."

"Watu wako wamekwenda. Na muziki wenu uko wapi?"

"Tuna msiba mtaani."

Kijana aliweka mkono kifuani akamrehemu marehemu. Alifikiri kidogo. "Msiba uko mtaani kwenu, ami. Hapa ni barabara ya serikali."

Wakaligeuza gari lao la muziki, wakafungua buti, sabufa mbili zikaelekea Maruti. Ikhlas anasema burnusi ilitetemeka mwilini mwake bila upepo. Wanawake asiowajua walishuka wakamzunguka kwa vigelegele, bibi yake akapiga makofi, na magari ya watu waliokuwa wanapita kwa shughuli zao yakajibu kwa honi pande zote tatu. Belkheir alikaa na mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwingine. Ilidumu dakika nne hivi. Kisha wakamfungulia njia, lakini njia waliyomfungulia ilikuwa ya sokoni, akalazimika kuingia mtaani kwa dada yake kwa upande wa chini.

Sisi tulikuwa tumefika kwa upande wa juu. Wanawake wote walisimama mlangoni na maziwa na tende, nyuso zimeelekea tulikotokea, na Yamina mbele yao akitazama kila kona kwa zamu. Maneno yalikuwa ya kunong'ona, kwa ajili ya jirani.

"Labda tairi."

"Labda gesi imeisha."

"Labda amefuata watu wa Mostaganem, yeye naye."

Kwa kuwa tulikuwa tunatazama juu, na kwa kuwa Maruti ile haina sauti, hakuna aliyejua lolote hadi mtu aliyevaa burnusi nyeupe alipomgusa bega mwanamke wa nyuma kabisa.

"Dada," alinong'ona, "mnamsubiri nani?"

"Bibi harusi," alijibu yule mwanamke bila kugeuka. "Sogea huko, usinisukume."

Kisha akageuka. Vigelegele vilimpanda hadi kooni, akakumbuka, akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Wanawake thelathini walisimama pale mlangoni macho yamewatoka, mabega yanacheza, hakuna aliyetoa sauti. Ikhlas alipewa maziwa, na mkono uliomshikia glasi ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

Belkheir alikuja nyuma, amemshika mkono bibi mwenye goti, hatua moja moja. Yamina alimngojea hadi akafika karibu.

"Nilikwambia uwe wa kwanza, kaka," alisema kwa kunong'ona. "Wa kwanza! Neno moja tu!"

"Magari kumi yamepita, Yamina," alisema Belkheir. "Hakuna lililopotea."

"Lililopotea ni lako!"

Alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama anavyofikiria fomu yenye kosa asilowahi kuliona.

"Langu," alisema, "huwa silihesabu."